Njia Huongezwa Leba, Kidonda Huuguzwa Nyumbani

Mwanamke anayejifungua Tandahimba, Nachingwea au Mtwara mjini anaweza kukatwa msamba kwa mkasi, yaani kuongezewa njia, muda mfupi tu kabla kichwa cha mtoto hakijatoka, akashonwa, akalala wodini usiku mmoja na kesho yake akaruhusiwa. Kuanzia hapo kidonda kile hakimhusu mkunga tena. Kinakuwa mikononi mwa mama yake mzazi, mama mkwe, bibi au somo aliyemfunda, ambao watakiuguza kwa muda wa wiki sita kwa namna walivyofundishwa na waliowatangulia, bila yeyote kati yao kuelezwa kilikatwa kwa sababu gani, kimeshonwaje na kinahitaji nini ili kipone. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya mateso yanayohusishwa na kuongezewa njia katika mikoa yetu ya Kusini mwa Tanzania inatokana na ukimya huo unaotokea mara mbili: kwanza kitandani leba, ambapo mzazi hukatwa bila kuambiwa, na kisha mlangoni mwa wodi, ambapo anayekwenda kumuuguza haulizwi wala haelezwi lolote.

Tuanze na kitendo chenyewe. Kuongeza njia ni kukata msamba, yaani nyama iliyo kati ya uke na njia ya haja kubwa, wakati kichwa cha mtoto kimekwisha kufika mlangoni na msamba umetanuka na kuwa mwembamba. Mkato huanzia ukingo wa chini wa uke na kwenda pembeni kwa mshazari wa nyuzi 60 hivi kutoka mstari wa katikati, ili usielekee kwenye msuli unaobana haja kubwa. Hupita kwenye ngozi, kwenye utando wa ndani ya uke na kwenye misuli ya msamba, na hapo kwenye misuli ndipo penye hoja. Wataalamu huigawa michaniko ya uzazi katika daraja nne: ya kwanza huishia kwenye ngozi na utando, ya pili hufika kwenye misuli ya msamba, ya tatu huugusa msuli wa haja kubwa, na ya nne hupasua hadi utando wa ndani wa njia hiyo. Mkato wa mkasi, hata ukipitishwa na mkono hodari namna gani, ni sawa na mchaniko wa daraja la pili tangu unapokatwa. Maana yake ni kwamba mwanamke ambaye pengine angechanika ngozi kidogo tu, au asingechanika kabisa, akishakatwa amekwisha kupelekwa daraja la pili kwa hakika.

Wanaotetea ukataji wa kila mzazi wa kwanza, na bado wapo, husema kwamba mkato ulionyooka hupona vizuri kuliko mchaniko wa hovyo na kwamba humwepusha mama na mchaniko mkubwa. Hoja hiyo ni ya siku nyingi. Mwaka 1742 mkunga wa kiume wa Dublin aitwaye Fielding Ould alieleza ukataji huu kama msaada wa dharura pale uzazi unapogoma mwishoni. Karibu miaka 180 baadaye, mwaka 1920, daktari Joseph DeLee wa Chicago alipendekeza ufanywe kama kinga, na kilichokuwa cha dharura kikageuka kuwa desturi ya wodi. Nchini Marekani, mwaka 1979, takriban asilimia 61 ya waliojifungua kwa njia ya kawaida walikatwa. Ukaguzi wa kweli wa desturi hiyo ulichelewa mno. Mwaka 1993 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Argentina kwa wanawake 2,606, ambapo kundi moja lilikatwa kwa mazoea, takriban asilimia 83 yao, na kundi la pili likakatwa pale tu palipokuwa na sababu, takriban asilimia 30. Michaniko mikubwa ilitokea kwa asilimia 1.5 ya kundi lililokatwa kwa mazoea na asilimia 1.2 ya kundi la pili. Tofauti hiyo ni ndogo, lakini inatosha kuuliza mkasi ulikuwa unamkinga nani, iwapo walioepushwa nao hawakuchanika zaidi ya waliokatwa. Tafiti zilizofuata zimeuelekeza mzani huko huko, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likaandika wazi katika mwongozo wake kwamba kukata kwa mazoea au kwa wingi hakupendekezwi kwa mwanamke anayejifungua kwa njia ya kawaida bila matatizo.

Hata hivyo, anayewaambia wanawake waukatae mkasi kwa vyovyote vile anawapotosha vibaya. Mapigo ya moyo ya mtoto yakishuka wakati kichwa kiko mlangoni, dakika mbili tatu zinazookolewa na mkato zinaweza kuwa ndizo zinazomtenganisha mtoto anayelia na mtoto aliyechoka. Mtoto anapovutwa kwa vakyumu au koleo, au bega linapokwama nyuma ya mfupa wa nyonga na mkunga akahitaji nafasi ya kuingiza mkono, au msamba ukiwa na kovu gumu lisilotanuka, sababu ipo na haina haja ya kutafutiwa maneno. Ninachokipinga ni mkasi unaoshikwa kwa kuwa huyu ni mzazi wa kwanza, au kwa kuwa kitanda kinasubiriwa na mwingine.

Hapo ni lazima tuwe waadilifu kwa wakunga pia. Muuguzi aliye peke yake zamu ya usiku katika zahanati ya kijijini Liwale au Nanyumbu, mwenye mzazi mmoja anayesukuma na mwingine anayeugulia pembeni, anaijua thamani ya muda kuliko sisi tunaoandika tukiwa tumekaa. Lakini mambo yanayoupa msamba nafasi ya kutanuka wenyewe hayahitaji mashine wala bajeti ya halmashauri. Mama aruhusiwe kukaa mkao anaouona unamfaa badala ya kulazwa chali na kubakia hivyo. Kitambaa safi kilicholowekwa maji ya uvuguvugu kiwekwe kwenye msamba anaposukuma. Mkono mmoja wa mkunga uulinde msamba na mwingine ukizuie kichwa kisitoke kwa kishindo. Na pale kichwa kinapojitokeza aambiwe aache kusukuma, apumue kwa mdomo, ili kitoke taratibu. Kumkandamiza tumbo ili mtoto atoke haraka, jambo ambalo baadhi ya wazazi wanalikumbuka kuliko uchungu wenyewe, ni desturi nyingine ambayo mwongozo huo huo wa 2018 hauipendekezi.

Na sababu ikiwepo, bado kuna maneno ya kusemwa. “Mama, mapigo ya mtoto yameshuka, nataka nikuongezee njia ili atoke sasa. Nitakuchoma ganzi kwanza, umekubali?” Maneno hayo hayamalizi hata nusu dakika, na mwanamke aliyeyasikia hubeba kumbukumbu tofauti kabisa na ya yule aliyeusikia mkasi kabla ya kuisikia sauti. Ganzi yenyewe, ambayo kwa kawaida ni lignokeini, ina utaratibu wake: baada ya kuchomwa husubiriwa dakika mbili, kisha ngozi hubanwa kidogo kwa koleo ili kuona kama mama anahisi, na akihisi husubiriwa dakika mbili nyingine. Katika dharura ya kweli muda huo unaweza kukosekana kabla ya kukata, lakini wakati wa kushona mtoto amekwisha kutoka na hakuna kinachokimbizwa. Kumshona mtu kavukavu, huku akiambiwa avumilie kwa kuwa amekwisha kuvumilia makubwa zaidi, hakuna udhuru wa kitabibu unaokubalika.

Ushonaji hupita tabaka tatu: utando wa ndani, misuli, kisha ngozi. Nyuzi zinazotumika siku hizi huyeyuka zenyewe ndani ya mwili, kwa hiyo mama harudi kutolewa nyuzi, na akiona kipande cha uzi kwenye kitambaa wiki ya pili asidhani kwamba kidonda kimefumuka. Linalosemwa kwa mzaha wodini, kwamba ashonwe abanwe zaidi ili mume afurahi, si mzaha hata kidogo, kwani kubana kupita kiasi hakumpi mume chochote cha kudumu na humwachia mke maumivu ya tendo la ndoa yanayoweza kuendelea kwa miezi.

Sasa tumfuate hadi nyumbani, kwa sababu hapo ndipo tiba hasa inapofanyika. Katika nyumba nyingi za Kusini, kuanzia Kilwa hadi Newala, mzazi hukandwa. Sufuria kubwa huinjikwa jikoni tangu alfajiri, pengine kwa majani ya mwarobaini. Mkandaji hulowesha taulo au khanga iliyokunjwa, hulikamua likiwa bado linafuka mvuke, kisha huligandamiza mgongoni, kiunoni, tumboni, mapajani, na mwisho hufika pale penyewe. Baadhi humkalisha mzazi juu ya beseni la maji ya moto ili mvuke upande. Sababu inayotolewa ni kwamba maji ya moto huitoa damu iliyoganda tumboni na kumrudisha mwanamke mwili wake. Muuguzi anayelipuuza jambo hili kwa kusema tu “msimkande” hasikilizwi, na sishangai asiposikilizwa, maana mzazi mwenyewe anaona kukandwa mgongo kunampa nafuu, na ni kweli kunampa nafuu: joto hulegeza misuli iliyokaza na hupunguza maumivu ya kiuno.

Tatizo lipo mahali pamoja tu, kwenye kidonda. Siku za kwanza nyama ya msamba imevimba na haihisi sawasawa, kwa hiyo maji yanayovumilika mgongoni yanaweza kuibabua pale bila mwenyewe kutambua mapema. Joto kali huongeza uvimbe, na uvimbe huzivuta nyuzi. Katika saa 24 za mwanzo kinachosaidia ni kinyume chake, yaani ubaridi: kitambaa safi kilicholowekwa maji ya baridi, au barafu iliyofungwa ndani ya kitambaa pale penye friji, kiwekwe kwa dakika 10 hadi 20 kisha kitolewe. Mapatano ninayoyaona yanawezekana ni haya: mgongo, kiuno na miguu ikandwe kwa maji ya joto la wastani, tumbo lisigandamizwe kwa nguvu, na msamba uoshwe tu kwa maji ya uvuguvugu yanayomiminwa kutoka mbele kwenda nyuma. Bibi aliyeelezwa hivyo anabaki na kazi yake na heshima yake. Anachopoteza ni kipande kidogo tu cha shughuli hiyo, nacho ndicho chenye madhara.

Chumvi kwenye maji ya kuoshea haijathibitika kuharakisha uponaji, ingawa kidogo haidhuru. Dawa kali za maji za kuulia vijidudu zikimwagwa bila kupimwa huiunguza nyama changa inayojaribu kuungana, na unga wa majani, majivu au chochote kinachoingizwa ndani ya uke huingiza na vijidudu vyake. Kidonda hiki hakihitaji kupakwa kitu. Kinahitaji maji safi na kukaushwa, na hapo tunagusa jambo ambalo vipeperushi vilivyoandikwa mbali na kwetu hulisahau. Uwanda wa Makonde una historia ndefu ya shida ya maji. Mwanamke wa Newala anayeambiwa ajioshe kila aendapo haja na kila abadilishapo kitambaa anaambiwa jambo sahihi ambalo linahesabiwa kwa madumu. Maji ya mzazi, kwa hiyo, yapangwe kabla ya siku za kujifungua kama inavyopangwa nauli na nguo za mtoto, na yawe ya kwanza kutengwa kabla ya ya vyombo. Anayetumia vipande vya khanga badala ya pedi za dukani hana kosa lolote, mradi avibadilishe kila baada ya saa chache, vifuliwe kwa sabuni na vianikwe juani hadharani. Vikianikwa uvunguni kwa aibu vinabaki na unyevu, na unyevu ndio unaoleta maradhi.

Jambo ambalo wazazi wengi hulinyamazia ni hofu ya choo. Mama hujizuia siku mbili tatu akiogopa nyuzi zitakatika, choo kinakuwa kigumu, na siku anapolazimika kwenda anaumia kuliko ambavyo angeumia siku ya kwanza. Nyuzi zilizoshonwa vizuri hazikatwi na choo laini. Anywe maji mengi na uji, ale mchicha, kisamvu, mbaazi, papai, embe kama ni msimu wake. Chakula cha wanga mtupu, mihogo au ming'oko bila mboga, hakitamsaidia. Anapojisaidia ashikilie kitambaa safi kwenye kidonda kwa mkono kukiegemeza, na asikaze pumzi. Kwa maumivu, parasetamoli na ibuprofeni zinafaa hata kwa anayenyonyesha, iwapo hana tatizo la kiafya linalozikataza. Vidonge vya rangi mbili vinavyonunuliwa dukani “kukausha kidonda” havikaushi kitu: kwa mkato wa kawaida usio na maambukizi antibiotiki haipendekezwi, na hutolewa kwa mchaniko wa daraja la tatu na la nne au pale maambukizi yanapoonekana, kwa maelekezo ya mtaalamu.

Kwa kawaida maumivu hupungua siku hadi siku, ngozi huungana ndani ya wiki mbili au tatu, na misuli ya ndani huendelea kujijenga hadi wiki ya sita na hata zaidi. Kwa hiyo mwanamke wa Tandahimba au Ruangwa aliyejifungua Oktoba, wakati korosho zimeanza kuanguka, anaweza kujiona mzima wiki ya tatu na akarudi kuokota na kujitwisha, ilhali kilichopona ni kile kinachoonekana tu. Kuinama kutwa na kubeba gunia huilemea misuli ile ile iliyokatwa. Kinachoijenga ni mazoezi ya kuibana kana kwamba unazuia mkojo, kushikilia kwa sekunde chache, kuachia, na kurudia mara kadhaa kwa siku. Yanaweza kuanza taratibu mara tu yasipoumiza, na yanafanyika hata akiwa amelala ananyonyesha.

Maumivu yakizidi badala ya kupungua, kuna jambo. Homa ya nyuzi 38 au zaidi, usaha, uchafu unaonuka, uwekundu unaosambaa, kidonda kilichoachana, damu inayolowesha pedi moja baada ya nyingine, au haja kubwa, upepo ama mkojo unaotoka bila kuzuilika, vyote ni vya kurudi kituoni siku hiyo hiyo, bila kusubiri arobaini wala tarehe ya kliniki. Saa za mwanzo kabisa kuna hatari nyingine isiyoonekana kwa macho kila mara: damu inayojikusanya ndani ya nyama, ambayo dalili yake ni maumivu makali na msukumo kuelekea njia ya haja kubwa, kama mtu anayetaka choo asichokuwa nacho. Hiyo ni moja ya sababu za kumbakiza mzazi kituoni kwa angalau saa 24, na ndiyo sababu siungi mkono haraka ya ndugu wanaokuja na bodaboda asubuhi ile ile mtoto aliyozaliwa. Usafiri wa dharura upo pia kwa aliyekwisha kujifungua, kupitia mfumo wa M-Mama kwa namba 115.

Kuhusu tendo la ndoa, kipimo si kuisha kwa arobaini pekee. Damu iwe imekoma, kidonda kiwe kimefunga, na mke mwenyewe awe tayari. Kwa walio wengi huangukia karibu na wiki ya sita, na kwa baadhi baadaye. Anayenyonyesha huwa mkavu kwa sababu ya homoni na si kwa sababu ya kumchoka mumewe, jambo ambalo mume akiambiwa mapema huepusha ugomvi mwingi. Maumivu yakiendelea baada ya miezi mitatu yasifichwe, kwa kuwa kovu lililokaza au lililoshonwa vibaya linatibika.

Haya yote yanaweza kuelezwa kwa dakika tano, na swali la kufungulia mazungumzo ni jepesi: nani atakukanda? Mkunga akishamjua mtu huyo, amwite aingie wodini kabla mzazi hajaruhusiwa, amwonyeshe joto la maji kwa kuchovya kiwiko, amtajie dalili za kumrudisha mgonjwa. Ni ajabu kwamba tunahimiza wanaume wahudhurie kliniki ya kwanza ya ujauzito, na ni vyema, lakini mwanamke atakayekiosha kidonda kwa mikono yake tunamwacha nje ya geti na kapu la chakula.

Ukimya una gharama nyingine nje ya kidonda. Vijijini yapo maneno kwamba ukienda hospitali lazima utachanwa, na msichana mwenye mimba ya kwanza akiyasikia hayo kwa shangazi yake aliyeshonwa kavukavu, anaanza kufikiria kujifungulia nyumbani, mahali ambapo damu ikitoka kwa wingi hakuna wa kuizuia. Maneno hayo hayataondolewa kwa kipaza sauti cha gari la uhamasishaji. Yatapungua pale sababu ya kila mkato itakapoandikwa kwenye faili la mzazi, idadi yake ikajadiliwa kila mwezi na wakunga wenyewe, na mama akaondoka akijua alikatwa kwa nini. Akishika mimba nyingine aliseme hilo tangu hudhurio la kwanza: kukatwa mara moja hakumlazimu kukatwa tena, isipokuwa aliyewahi kuchanika hadi msuli wa haja kubwa, ambaye apelekwe mapema kwa daktari katika hospitali kubwa, iwe Ndanda, Nyangao, Sokoine ya Lindi au Ligula, ili njia ya kujifungua ipangwe kabla uchungu haujaanza.